Juu ya Zile Taa za Pikipiki ya Dispansere



Tangu mwezi wa pili watu wananiuliza juu ya lile sanduku refu lililokuwa juu ya meza ya nyuma katika chumba cha fizikia. Wengine walisema kapita anataka kuingia polisi. Wadogo wa darasa la kwanza walisema ninatengeneza ndege. Bwana Prefe mwenyewe alisimama mlangoni siku moja, akatazama, akauliza, "Ile kura inatoka wapi?" Nikamjibu kwamba inatoka katika batri ya zamani, si katika nyaya za shule, akaenda zake. Basi naona ni afadhali niandike mara moja katika gazeti letu, niwajibu wote pamoja.

Sanduku lile ni taa za kuonya. Limewekwa juu ya pikipiki ya magurudumu matatu inayochukua wagonjwa wa dispansere ya mtaa wetu. Mbele ya kazi hii sikuwa nimetengeneza kitu cha namna hiyo hata kimoja. Redio nimefungua nyingi, na nyingine zilirudi kusema. Lakini kitu cha kukaa nje, katika mvua na mavumbi, juu ya chombo kinachoruka mashimo ya Kamina usiku na mchana, hicho ni kazi nyingine.

Ninyi wote mnajua pikipiki zile za magurudumu matatu. Zinapita na mahindi, makala, matofali, saruji, na siku ya mposho zinapita na watu waliokaa juu ya magunia. Ya dispansere ni sawasawa na zile, ila ina turubai na godoro. Mwaka jana, siku ya mposho jioni, ilimchukua yaya wangu aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Walipofika kwenye kivuko cha reli, njia ilijaa watu waliotoka soko. Dereva akapiga honi, watu hawakutoka. Mtu mmoja akamwambia, "Pita pembeni na mahindi yako!" Mama yetu alikuwa nyuma pamoja na mugonjwa. Akainua turubai kwa mkono wake, ili watu waone kilichomo. Ndipo njia ikafunguka.

Yaya alifika. Mtoto alizaliwa amechoka sana, na munganga alimsugua mgongo muda mrefu mbele ya kulia. Leo anatambaa na kula udongo. Sisemi kwamba watu wa kivuko ndio waliomchosha, kwa kuwa kuzaa kuna taabu zake. Lakini mama kuinua turubai barabarani, mbele ya wapita njia, na binti yake katika hali ile, jambo hilo sikulisahau. Wale watu hawakuwa wabaya. Waliona mahindi.

Kambo wangu alikuwa mfanyakazi wa reli, tangu wakati wa BCK mpaka wakati wa SNCZ iliyoanzishwa mwaka 1974. Ninyi mliozaliwa hapa mnajua kwamba mji huu umekuzwa na reli: njia inayotoka Lubumbashi inapita hapa kwenda Ilebo, na nyingine inatoka hapa kuelekea Kabalo. Kambo alinieleza juu ya taa nyekundu ya behewa la mwisho. Mimi nilidhani ni ya kuzuia treni nyingine isiigonge kwa nyuma. Akasema ndiyo, lakini iko na kazi nyingine. Mtu wa stesheni anasimama kutazama treni ikipita, na macho yake yanangoja ile taa. Akiiona, anajua treni imepita yote. Treni ikipita bila taa ya nyuma, basi huenda imekatika, na mabehewa yamebaki njiani, na hapo hawezi kuruhusu nyingine ifuate. Taa yenyewe haina nguvu ya kusimamisha hata mbuzi. Nguvu yake ni kwamba watu wote wa reli wamepatana juu ya maana yake.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, kwa sababu nilipaswa kuchagua rangi.

Dereva wa dispansere, ambaye mimi namwita Tata kwa kuwa ni wa umri wa baba yangu, alitaka bluu, pamoja na nyekundu, kama katika filamu. Nikamweleza niliyosoma. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabara unasema mtu akionywa kwa taa na mlio wa pekee kwamba gari lenye haki ya kupita kwanza linakaribia, anapaswa kutoa nafasi, na ikilazimika asimame. Katika mkataba huo bluu ni ya magari yenye haki hiyo, na rangi ya machungwa ni ya kuonya tu kwamba kuna hatari au kazi ya pekee. Inchi yetu nayo iko na sheria yake ya barabara, ya tarehe 30 Agosti 1978. Nani ametuambia kwamba pikipiki yetu ni gari lenye haki ile? Bado hakuna.

Tata akasema, "Mwana, rangi ya njano ile, nani ataiogopa? Weka bluu, batu batoke mu njia."

"Tata, bluu iko ya serikali."

"Na mugonjwa naye, iko wa nani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nalitafuta. Tena Tata alikuwa na haki hata kwa upande wa fizikia, ingawa hakujua. Mwanachuoni mmoja jina lake Purkinje aliona katika mwaka 1819 kwamba jioni ikiingia maua mekundu yanakuwa meusi haraka, lakini ya bluu yanaendelea kuonekana. Mchana jicho letu linaona vizuri zaidi nuru ya nanomita kama 555, ambayo ni kijani cha kuelekea njano. Usiku linasogea mpaka karibu 507, kwa upande wa bluu. Basi kama shauri lingekuwa la jicho peke yake, Tata angeshinda.

Lakini kengele yetu ya shule ni nini? Ni kipande cha reli kilichoning'inia katika mti, na chuma cha kukipigia kinalala chini ya kitanda changu. Kila mwaka kuna mtoto anayeniomba chuma kile apige mara moja tu, ajisikie. Simpi. Si kwa ukali. Kengele ikilia usiku nataka wanafunzi wote watoke mabwenini bila kuuliza ni nani amepiga. Ikizoea kulia ovyo, siku ya moto watavuta blanketi. Tazameni manseba wetu barabarani. Wamefunga taa za kumetameta za rangi zote, mbele, nyuma, hata katika magurudumu. Bluu wanayo, nyekundu wanayo. Wanabeba nini? Mtu mmoja anayekwenda kunywa. Nikasema sisi hatutaongeza uwongo mwingine juu ya ule. Munganga mkubwa wa dispansere alisikiliza pande zote mbili, akaamua: rangi ya machungwa kwanza, na barua iandikwe kwa wakubwa kuomba ruhusa ya bluu. Tata akatema mate pembeni, lakini alikubali.

Sasa kazi yenyewe. Wa darasa la tano wafungue masikio, kwa maana wengine watapita tu.

Wazo la kwanza ambalo kila mtu analo ni kuchukua balbu za motokari. Tuhesabu. Balbu ya wati 21 kwa volti 12 inakula ampea 1.75. Mbili zikiwaka pamoja ni ampea 3.5. Batri ya pikipiki yetu ni ya ampea 9 kwa saa. Kwa hesabu ya karatasi, mashine ikiwa imezimwa, batri inakwisha kwa saa mbili na nusu, na kwa kweli inachoka mapema zaidi. Halafu pikipiki ya wagonjwa inakataa kuwaka mlangoni mwa mugonjwa. Hapana. Nikachukua ledi nyeupe, za tochi zilizokufa. Mnajua tochi zile: swichi inavunjika mwezi wa pili, ledi zenyewe bado ni nzima. Niliwaomba watu wa mtaa, nikapata nyingi kuliko nilizohitaji.

Ledi nyeupe si nyeupe kwa asili. Ndani yake ni ya bluu, imepakwa unga wa kugeuza sehemu ya bluu ile kuwa njano, na macho yanachanganya yote kuwa nyeupe. Ledi ya bluu yenye nguvu ilipatikana Japani katika mwaka 1993, na watu watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa zawadi ya Nobel kwa kazi ya bluu hiyo katika mwaka 2014. Kwa hiyo Tata alipata bluu yake, ila imefichwa. (Nilimwambia hivyo. Hakucheka.)

Ledi moja inataka karibu volti 3. Nilifunga tatu katika mstari mmoja, ni 9. Mashine ya pikipiki inapochaji, volti zinafika karibu 14. Zinabaki 5, na hizo lazima zifie mahali, la sivyo ledi zinaungua. Ndiyo kazi ya rezistansi. Kwa sheria ya Ohm, ya mwaka 1827, ambayo sisi wote tumeiandika mara mia bila kuipenda: 5 kugawa kwa 270 ni karibu miliampea 18 na nusu. Rezistansi ya 270 ina mistari mekundu, zambarau, kahawia. Mashine ikizimwa volti zinashuka na mwanga unafifia kidogo, lakini hauzimi. Kila upande wa sanduku una mistari minane, yaani ledi 24, na upande wote haufiki miliampea 150. Linganisheni na balbu.

Sasa zimetemete namna gani? Kuna wanaosema, chukua kile kifaa kinachometesha taa za kugeukia za pikipiki. Kile cha zamani kinafanya kazi kwa joto la umeme mwingi unaopita ndani yake. Ledi zinakula kidogo mno, nacho hakisikii kitu. Nikatumia 555. Ni kidude cheusi cha miguu minane, alichokichora Hans Camenzind katika mwaka 1971, na mpaka leo kinauzwa kila mahali. Chetu kilikuja kwa treni kutoka Lubumbashi, ndani ya bahasha, kwa mkono wa mjomba wa mwenzetu mmoja. (Ndiyo, namba ni ileile ya nanomita za jicho. Ni ajabu tu, hakuna udugu.) Mwendo wake unapatikana hivi: 1.44 kugawa kwa rezistansi ya kwanza pamoja na ya pili mara mbili, zikizidishwa na kondensa. Nilikuwa na 1,000, na 33,000, na kondensa ya mikrofaradi 10. Fanyeni hesabu: inatoka 2.15 kwa sekunde. Ile ya 33,000 ni rahisi kuitafuta katika redio mbovu, ni machungwa, machungwa, machungwa.

Kwa nini mbili kwa sekunde? Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 65, ambayo ni ya taa za namna hii, inataka kati ya 2 na 4. Pole kuliko hapo watu wanadhani unageuka kushoto. Haraka sana ni hatari kwa wenye kifafa cha nuru. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani watoto waliokuwa wakitazama katuni ya Pokémon katika televisheni walionyeshwa nyekundu na bluu zikibadilishana mara 12 kwa sekunde, na 685 wakapelekwa hospitali. Mugonjwa wetu amekwisha kuwa mugonjwa, hatutaki kumwongezea wengine barabarani.

555 yenyewe haiwezi kutoa zaidi ya miliampea 200, kwa hiyo inaamuru transista, na transista inaamuru rele ya motokari. Rele iwe ya miguu mitano, hili ni jambo kubwa. Mguu wa 30 unapokea umeme. Rele ikilala, umeme unatoka katika 87a. Ikiamka, unatoka katika 87. Nikafunga upande wa kushoto katika mmoja na wa kulia katika mwingine. Basi kitu kimoja kinafanya pande mbili zibadilishane, na kwa saa yoyote upande mmoja tu unakula. Juu ya koili ya rele weka dayodi, kwa sababu koili ukiikatia umeme ghafula inarudisha teke, na teke lile linaua transista. Na mbele ya vyote weka fyuzi ya ampea 2, karibu na batri.

Kulehemu nilifanya bila kura. Nilichonga kipande cha shaba, nikakitia mpini wa mti, nikakichoma katika mbabula ya mama mpaka kikaweza kuyeyusha risasi. Una muda wa viungo viwili au vitatu, halafu kinapoa. Mguu wa transista unaushika kwa koleo ili joto lipotee katika koleo. Nyaya zote nilizifunga kwanza kwa uzi wa mshona viatu, halafu ndipo nikalehemu, maana risasi peke yake haivumilii mashimo. Sanduku ni bati, lilikunjwa na fundi yule anayetengeneza mbabula nyuma ya soko. Vioo vya rangi ya machungwa ni vya taa za kugeukia za lori moja bovu, tulipewa bure na mwenye gereji. Kuzuia mvua nilikata mpira wa ndani wa kinga, nikauzungusha chini ya vioo. Chini ya sanduku nikatoboa matundu madogo. Watu wanashangaa: unazuia maji halafu unatoboa? Lakini unyevu unaingia tu, hata ufanye nini, na ukikosa njia ya kutoka unabaki kuoza chuma.

Sasa nafika kwenye swichi. Mahali pake pa kawaida ni mbele, karibu na mkono wa dereva. Mimi niliiweka nyuma, ndani ya turubai, mahali anapokaa munganga au ndugu wa mugonjwa. Kama hakuna mtu aliyekaa na mugonjwa, hakuna wa kuiwasha. Pikipiki ile saa nyingine inakwenda kutafuta makala na maji ya dispansere, na njaa ya kupita haraka iko ndani ya kila mwenye usukani. Sikusema kwamba namshuku Tata. Lakini alielewa. Alikaa majuma mawili bila kuitika salamu yangu, na mimi niliendelea kusalimu, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Mwalimu wetu wa fizikia aliona kwamba nimemwaibisha mtu mzima bure, na pengine ni kweli. Swichi haikuhama.

Taa zimekuwa kazini tangu mwezi wa tatu. Nieleze kwa haki. Saa sita mchana, jua likiwa kali, hazionekani vizuri. Ledi 48 za tochi haziwezi kushindana na jua la Kamina. Wakati wa jioni na usiku zinaonekana mbali sana, tangu kivuko cha reli mpaka kwenye maembe makubwa. Watu wengi wanatoka njiani. Wengine wanasimama katikati kutazama, hasa watoto. Mzee mmoja alivua kofia, akidhani mkubwa wa serikali anapita. Manseba wachache wanafuata nyuma kwa mbio ili wapite katika njia iliyofunguliwa, na kwa hao sina dawa. Barua ya kuomba bluu iliandikwa, bado haijajibiwa.

Tata ametengeneza salamu. Asubuhi nikipita kuja shule namkuta anafuta vioo kwa kitambaa na maji ya sabuni, kimoja kimoja, na hataki mtu amsaidie. Juma lililopita aliniita. Alisema sauti ya rele, ile tak-tak, tak-tak, mama mmoja aliyekuwa nyuma alikuwa akiihesabu kwa kunong'ona katika uchungu wake mpaka wakafika. Akaniuliza kama rele itachakaa. Nikamwambia ndiyo, viungo vyake vinaungua kidogo kidogo kila inapogonga. Akasema basi nitafute nyingine sasa hivi, isingoje kufa.

Nimeipata. Iko ndani ya kopo la maziwa katika kabati ya fizikia, rafu ya chini, pamoja na ledi zilizobaki na mchoro wote juu ya karatasi mbili. Mimi baada ya Egzameni ya Taifa sitakuwa hapa. Dispansere ya mtaa wa pili nayo imeuliza kama itapata taa zake. Wa darasa la tano wanaotaka kujifunza waje siku ya mposho baada ya kazi ya mikono, kila mmoja na tochi yake mbovu. Kipande cha shaba kipo, mbabula nitaomba kwa mama.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho